Saa moja kwenye sayari ya maji, miaka saba Duniani: muda unavyokwenda katika Interstellar

Kuna mlango unaofunguliwa katikati ya filamu ya Interstellar, na kila nikifika hapo naacha chochote ninachofanya. Cooper na Brand, wanaanga waliotumwa kuwatafutia wanadamu makao mapya, wamerudi kwenye chombo chao kikubwa, Endurance, kutoka kwenye sayari iliyofunikwa na maji. Mwenzao Doyle amechukuliwa na wimbi. Wao bado wanahema. Kwa hesabu yao wametoka chomboni saa chache tu zilizopita. Anayewapokea ni Romilly, yule yule waliyemwacha akilinda chombo, isipokuwa ndevu zake sasa zina mvi na anawatazama kama mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuwaona tena. Wanamuuliza ni muda gani umepita. Miaka 23, anawajibu, miezi 4 na siku 8.

Watazamaji wengi hupotelea hapo. Je, saa zao ziliharibika? Waliishi polepole bila kujijua? Romilly ndiye aliyeishi muda wa kweli na wao wakaishi wa uongo? Na ikiwa Cooper anakuja kumkuta binti yake Murph akiwa bibi kizee kitandani, imekuwaje Brand abaki kijana? Nimesikia majibu mengi ya maswali haya, mengine yakiishia na kauli kwamba ni filamu tu, mtu asijisumbue. Siikubali kauli hiyo. Sehemu kubwa ya kinachotokea kwa mabaharia hawa wa anga inafuata sheria zilizopimwa kwa saa halisi, na ukielewa jambo moja tu, karibu mafundo yote yanafunguka kwa mkupuo.

Jambo lenyewe ni hili: hakuna saa kuu ya ulimwengu. Vichwani mwetu tumezoea picha ya saa moja kubwa isiyoonekana, inayogonga kwa ajili ya nyota zote na watu wote kwa pamoja, na saa zetu za mkononi zikijitahidi kwenda nayo. Saa hiyo haipo. Kila mtu hubeba muda wake mwenyewe, na kiasi cha muda anachokitumia kati ya kuagana na kukutana tena kinategemea njia aliyopitia: alikwenda kwa kasi gani, na alizama kiasi gani kwenye uvutano.

Filamu inalisema hili mapema, kabla hata ya kuruka angani, na wengi hatulitilii maanani. Cooper anapomuaga Murph, aliyekuwa na miaka 10, anampa saa ya mkononi. Moja ya kwake, moja ya Murph. Anamwambia atakaporudi watazilinganisha. Hilo ni jaribio kamili la fizikia: chukua saa mbili zinazosoma sawa, zitenganishe, zipitishe njia tofauti, kisha zikutanishe. Jaribio la namna hiyo limewahi kufanywa kweli, na nitalifikia.

Kwanza tuione saa moja ya sayari ya maji kwa karibu. Kanuni waliyopewa kina Cooper ni kwamba kila saa moja pale chini ni miaka 7 Duniani. Tuigawe. Miaka 7 ina saa zipatazo 61,000, kwa hiyo sekunde moja ya pale ni kama saa 17 za Duniani. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe. Tuseme umetumia sekunde nne. Nyumbani zimekatika karibu siku tatu. Dakika moja ya kubishana nani akaokote kifaa cha kumbukumbu ni zaidi ya siku 42. Wimbi linapopiga na injini kujaa maji, roboti CASE anasema zitahitaji dakika 45 hadi saa nzima kukauka. Nikiisikia sentensi hiyo tumbo hunikata, maana Cooper anaijua hesabu: dakika 45 za kukaa na kungoja maji yachuruzike ni zaidi ya miaka 5 ya utoto wa watoto wake. Na miaka 23 na miezi 4 ya Romilly ukiigeuza inakuja kama saa 3 na dakika 20. Mambo yote yaliyotokea kule chini yanaenea vizuri ndani ya muda huo.

Hesabu hiyo hiyo inafungua fumbo jingine ambalo filamu inalipitia kwa haraka. Kwa nini walikwenda kwenye sayari ile? Kwa sababu mtafiti aliyewatangulia, Miller, alikuwa akituma ishara nzuri, mwaka baada ya mwaka. Wanakuta mabaki ya chombo chake yakielea. Sasa tuseme Miller alitua miaka 10 kabla yao kwa kalenda ya Dunia. Kwa saa ya pale, hiyo ni chini ya saa moja na nusu. Brand anaelewa papo hapo, akiwa na vipande vile mbele yake: huenda mwenzao alikufa dakika chache tu zilizopita. Ile ishara iliyoonekana kama ripoti ya miaka mingi ilikuwa ripoti moja ya mwanzo, imevutwa na kurefushwa kama uzi. Hakuna aliyedanganya. Wasomaji wa ishara kule juu walisahau kuuliza ni saa ya nani iliyokuwa ikihesabu.

Ila kwa nini muda upungue karibu na kitu kizito? Sayari ya maji inalizunguka shimo jeusi liitwalo Gargantua, kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki ndani yake. Hapa maelezo mengi hukimbilia picha ya shuka lililotandazwa na tufe zito katikati yake. Sina ugomvi na shuka, lakini linaeleza vitu vinavyoanguka zaidi ya linavyoeleza saa. Njia ninayoipenda ni ya tochi.

Mfikirie Brand amesimama majini, ameshika tochi, anaiwasha na kuizima mara moja kwa kila sekunde ya saa yake. Romilly yuko juu anahesabu. Mwanga unaopanda kutoka kwenye uvutano mkali unalipa gharama ya kupanda: unapoteza nishati. Mwanga hauwezi kupunguza mwendo kama jiwe lililorushwa juu, kwa hiyo hasara yake inaonekana kwingine, mawimbi yake yanatanuka na kufika kwa nafasi kubwa zaidi kati ya moja na jingine. Sasa hesabu mimweko. Brand ametuma 60. Hakuna mmweko unaopotea njiani, na hakuna ghala huko angani la kuihifadhi. Romilly lazima apokee 60. Ikiwa imemfikia kwa kusambaa ndani ya siku 42, basi hakuna njia ya kukwepa: kati ya mmweko wa kwanza na wa mwisho, saa ya Brand imehesabu dakika moja na saa ya Romilly imehesabu siku 42. Saa zote mbili ni nzima. Moyo wa Brand nao umepiga kama moyo unavyopiga kwa dakika moja ya hofu, kucha zake zimekua kwa dakika moja, na mawazo yake yamekwenda kwa mwendo wa kawaida kabisa.

Kwa sababu hiyo kauli ya kwamba kule chini waliishi polepole hupotosha. Hawakuhisi upole wowote. Ilikuwa saa moja iliyojaa kama saa yoyote. Kama Romilly angekuwa na darubini yenye nguvu ya kutosha angewaona kama sanamu, na kama wao wangeweza kumtazama wangemwona akizeeka mbele ya macho yao.

Hapa tusichanganye na ule usingizi wa baridi walioulala safarini. Kwenda hadi Zohali, sayari yenye pete, kulichukua miaka 2, na mabaharia walilala ndani ya vitanda maalumu. Usingizi ule ulituliza miili, lakini saa iliyoachwa mezani ingehesabu miaka 2 kamili. Romilly naye alijilaza mara kadhaa katika ile miaka 23, halafu akaacha. Usingizi unatuliza mwili, uvutano unagusa muda wenyewe pamoja na kila kilichomo: saa, moyo, kutu, sauti, mwanga.

Na saa halisi zinasemaje? Albert Einstein aliikamilisha nadharia ya uhusianifu wa jumla mwaka 1915, na kwa miongo kadhaa tofauti hizi za muda zilikuwa ndogo mno kupimika. Mwaka 1960 Robert Pound na Glen Rebka wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya jaribio walilofanya ndani ya mnara wa jengo, urefu wa mita 22.5 tu, wakipima mionzi ya gama ikisafiri kati ya chini na juu. Mabadiliko ya mawimbi yalionekana, kwa kiasi kile kile nadharia ilichodai. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walichukua saa nne za atomiki, wakazikatia viti kwenye ndege za kawaida za abiria na kuizunguka Dunia nazo, kwanza kuelekea mashariki, kisha magharibi. Walipozirudisha na kuzilinganisha na zile zilizobaki Marekani, zilizokwenda mashariki zilikuwa nyuma kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 59, na zilizokwenda magharibi zilikuwa mbele kwa nanosekunde 273. Ndilo jaribio la Cooper na Murph, ila kwa bei ya tiketi ya ndege na bila machozi.

Tofauti ya mashariki na magharibi inatokana na kasi. Kuna athari mbili zinazoshindana: kwenda kasi kunapunguza muda wako, kukaa juu mbali na uvutano kunaongeza. Ndege inayokwenda mashariki inajumlisha mwendo wake na mzunguko wa Dunia, kwa hiyo kasi inashinda. Ndivyo ilivyo hata juu zaidi. Mwanaanga aliyekaa miezi sita kwenye kituo cha kimataifa cha anga, kilomita kama 400 tu juu yetu lakini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hurudi akiwa kijana zaidi kwa milisekunde 4 au 5 kuliko angebaki nyumbani. Setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 juu, hupata kinyume: kasi inazirudisha nyuma mikrosekunde 7 kwa siku, kuwa mbali na uvutano kunazisogeza mbele 45, na mwisho wa siku saa zake zimetangulia kwa mikrosekunde 38. Wahandisi wanalisahihisha jambo hilo tangu kiwandani. Lisiposahihishwa, ramani ya simu yako ingekosea kwa kilomita kama 10 ndani ya siku moja. Na mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya JILA huko Colorado walionyesha tofauti ya muda ndani ya wingu moja la atomi, kati ya sehemu yake ya juu na ya chini, umbali wa milimita moja. Kichwa chako kinazeeka haraka kuliko miguu yako ukisimama. Kwa kiasi kisichomaanisha chochote maishani, lakini kinazeeka.

Kwa hiyo swali la haki kuhusu filamu hii ni la kiasi tu. Muda kutofautiana ni jambo la kweli. Mara 61,000, je?

Mtu aliyepaswa kulijibu ni Kip Thorne, mwanafizikia wa taasisi ya Caltech, mmoja wa waliolianzisha wazo la filamu yenyewe pamoja na mtayarishaji Lynda Obst, na ambaye mwaka 2017 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi ya kugundua mawimbi ya uvutano. Aliweka masharti mawili: filamu isivunje sheria za fizikia zilizothibitika, na pale inapokwenda zaidi ya tunachokijua, ikisie kutokea kwenye sayansi halisi. Mwongozaji Christopher Nolan, aliyeandika hadithi pamoja na ndugu yake Jonathan, akaja na dai lake: saa moja iwe miaka 7, bila mjadala. Thorne mwanzoni aliona haiwezekani. Akaenda nyumbani, akalala nalo, kisha akakaa na kalamu. Akaiona njia.

Ukiwa na shimo jeusi lililotulia, lisilojizungusha, huwezi kupata kitu kama hicho. Sayari ikilikaribia sana inaanguka ndani. Kuna umbali wa mwisho ambapo bado inaweza kulizunguka kwa salama, na hapo saa moja ya sayari ni kama saa 1 na dakika 25 tu kwa aliye mbali. Filamu ingekuwa fupi na Murph angempokea baba yake kwa chakula cha jioni. Lakini shimo linalojizungusha huburuta nafasi inayolizunguka, kama maji yanavyoburutwa na pangaboi, na burutio hilo linaibeba sayari na kuiruhusu ikae karibu zaidi bila kuanguka. Kadiri shimo linavyozunguka kasi, ndivyo sayari inavyoweza kusogea hadi karibu kabisa na ule ukingo ambao ukivukwa hakuna kurudi, si mwanga wala mtu. Ili kupata miaka 7 kwa saa, Gargantua, shimo jeusi la filamu, lazima lizunguke karibu na kikomo cha mwisho kinachoruhusiwa na fizikia: pungufu yake isizidi kama sehemu moja katika trilioni 100. Je, liko shimo la namna hiyo? Ni vigumu kuona maumbile yangelifikishaje hapo, na Thorne mwenyewe hakulificha hilo. Halikatazwi tu. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa mtazamaji: hadithi imeegemea kwenye ukingo wa kinachowezekana, na mtu amekaa chini kuupima ukingo huo.

Ukubwa wa Gargantua nao ulichaguliwa kwa sababu. Uzito wake ni kama majua milioni 100, na ukingo wake uko mbali na kitovu kwa umbali kama wa Dunia hadi Jua. Mtu angedhani kubwa zaidi ni hatari zaidi. Ni kinyume. Kinachorarua vitu karibu na shimo jeusi ni tofauti ya uvutano kati ya upande wa karibu na upande wa mbali, na kwenye shimo kubwa tofauti hiyo inasambaa taratibu. Sayari ya Miller ingeraruliwa na shimo dogo. Kwa Gargantua inavutwa tu ikawa na umbo la yai, upande mmoja ukilitazama shimo daima, na ikiwa inayumba kidogo huku na huku, bahari yake inasukumwa na kuwa yale mawimbi ya zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Ile milima ambayo Cooper anaiona kwa mbali, kabla hajagundua kwamba si milima, ni kujaa na kupwa kwa maji, kama kule pwani, ila kumekuzwa hadi kuua.

Kuna kitu kimoja filamu imekiacha, nami sijui ningekipiga picha vipi. Sayari hiyo hulizunguka Gargantua mara moja kwa kila saa 1.7 za Dunia. Ukizipima kwa saa ya pale, ambayo ni ya polepole mara 61,000, inakuwa mizunguko 10 kwa kila sekunde. Ukitazama juu, nyota zote zingepita kichwani mara kumi ndani ya sekunde moja. Hakuna sheria inayovunjwa. Ni sekunde zako zilizo chache. Nolan ametupa anga tulivu yenye mawingu, na bila shaka amefanya hivyo ili tuone nyuso za watu.

Pengine pagumu zaidi kukubali ni usafiri wa kushuka na kupanda. Endurance lilibaki mbali, kwenye mzingo mpana ambako muda unakwenda karibu sawa na wa Dunia, na ndiyo maana Romilly alizeeka. Cooper anauchora mpango wake ubaoni na unaonekana rahisi. Lakini sayari inakwenda karibu nusu ya kasi ya mwanga, na chombo kidogo kama Ranger kinahitaji kuipata kasi hiyo, kisha kuiacha. Hakuna tangi la mafuta la kutosha. Maelezo ya Thorne ni kwamba lazima wapite karibu na kitu kingine kizito na kutumia uvutano wake kama kombeo. Shimo jeusi la ukubwa wa kati ndilo lingefaa, nayo filamu ikataja nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo na mazito mno ya nyota iliyokufa, ili watu wasichanganyikiwe na mashimo mawili. Hapo kamba imevutwa sana. Haijakatika.

Njia ya mkato iliyowafikisha kule, ule upenyo karibu na Zohali, nitaipita haraka kwa sababu filamu yenyewe imeieleza vizuri. Romilly anakunja karatasi na kuitoboa kwa kalamu: nukta mbili zilizokuwa mbali zimegusana. Tundu kwenye karatasi bapa ni duara. Kwenye nafasi yetu yenye pande tatu tundu huwa tufe, na ndiyo maana wanauona mlango ule kama mpira wa kioo wenye nyota ndani yake. Einstein na Nathan Rosen waliandika juu ya daraja la namna hii mwaka 1935, na mwaka 1988 Thorne na Michael Morris walionyesha nini kingehitajika ili mtu apite akiwa hai: kitu chenye nishati hasi cha kuyazuia makuta yasijifunge. Kwa kiasi kinachotosha chombo, hakuna anayejua kukipata. Upenyo huu haukuwaibia muda. Cha kukumbuka ni kwamba mtu aliuweka pale.

Na hapo tunaingia nyuma ya rafu ya vitabu.

Cooper anaanguka ndani ya Gargantua na kujikuta mahali ambapo chumba cha Murph kinajirudia pande zote, kila mstari ukiwa ni dakika tofauti ya chumba kile. Watu hukasirika hapa. Wanasema filamu imeitupa sayansi. Mimi nasema imevuka mpaka, na imevuka mchana kweupe. Ndani ya shimo jeusi nadharia zetu zinakoma, kwa hiyo kuanzia hapo ni kisio. Ila kisio hicho kina kanuni, na ukiishika kanuni hiyo fujo inapungua. Katika mahali pale muda umegeuzwa kuwa upande wa kutembea, kama urefu na upana. Cooper anaweza kusogea kuelekea jana ya chumba kama anavyosogea kuelekea ukutani. Asichoweza ni kuingia. Kinachovuka ni uvutano peke yake. Hivyo anasukuma vitabu vidondoke, anapanga vumbi sakafuni, na mwisho anautikisa mkono wa sekunde wa ile saa aliyomwachia binti yake, kwa alama za Morse, apate takwimu alizozikusanya roboti TARS ndani ya shimo.

Basi yule mzimu ambaye Murph mdogo, mwanzoni mwa filamu, aliamini yumo chumbani mwake alikuwa Cooper. Aliyeandika neno la kumsihi Cooper abaki ni yeye mwenyewe, na aliyetoa mahali pa kituo cha siri cha NASA, ambako ndiko alikopata safari, ni yeye. Swali linakuja lenyewe: nani alianza? Kama asingekwenda asingepeleka ujumbe, na kama asingepata ujumbe asingekwenda. Jibu la filamu ni kwamba hapakuwa na mara ya kwanza. Hakuna historia ya zamani iliyofutwa ikaandikwa nyingine. Kuna historia moja tu, na yeye yumo ndani yake mara mbili. Ndiyo maana anapojipigia kelele asiondoke hawezi kufaulu. Alikwisha kushindwa, tulimwona akiondoka. Mduara wa namna hii hauna mwanzo kama pete isivyo na ncha, na kwenye hesabu za Einstein si mgeni: mwaka 1949 Kurt Gödel alipata jibu la milinganyo ile ambamo njia ya msafiri hurudi na kujiunga na wakati wake wa nyuma. Ulimwengu wetu haufanani na ule wa Gödel, na wanafizikia wengi wanaamini maumbile yanaizuia miduara hii. Lakini hadithi haijipingi ndani yake, na hilo ndilo ninalolidai kwa hadithi ya anga. Nao waliouweka upenyo karibu na Zohali, kwa dhana ya Cooper, ni wanadamu wa baadaye sana, waliookoka kwa sababu ya upenyo huo huo. Mduara mwingine, mkubwa zaidi, unaoubeba wa kwanza.

Siwezi kuondoka kwa Gargantua bila kuutaja uso wake. Ule utepe wa moto unaopita mbele ya giza na kuonekana pia umepinda juu yake na chini yake ni utepe mmoja bapa. Sehemu iliyo nyuma ya shimo hatukupaswa kuiona, ila mwanga wake umepindwa ukatufikia kwa juu na kwa chini. Double Negative, kampuni iliyotengeneza picha hizo kwa kompyuta, iliandika programu ya kufuatilia miale hiyo kwa milinganyo ya Thorne, na kazi ikatoka pia kama makala ya kisayansi mwaka 2015. Waliacha jambo moja kwa makusudi: utepe unazunguka kwa kasi, kwa hiyo upande unaokuja kwetu ungepaswa kung'aa sana kuliko unaokimbia. Nolan aliona watazamaji wangechanganyikiwa. Tarehe 10 Aprili 2019 picha ya kwanza ya shimo jeusi halisi ilipotolewa, lile la galaksi ya M87 lenye uzito wa majua bilioni 6.5, niliitazama sehemu ya chini ya ile pete kabla ya kingine chochote. Inang'aa zaidi ya sehemu ya juu.

Limebaki swali la Brand. Murph ni mzee sana, amezungukwa na watoto na wajukuu, kwenye kituo cha anga kilichopewa jina lake karibu na Zohali. Cooper mwenyewe ameambiwa na daktari kwamba ana miaka 124, na uso wake haujabadilika. Murph hataki baba yake amwangalie akifa. Anamtuma kwa Brand, aliye peke yake kwenye sayari ya Edmunds, mtafiti mwingine aliyewatangulia. Watu huuliza: miaka yote hiyo, Brand hajazeeka? Rudi nyuma kidogo, pale Endurance lililoharibika linapolizunguka Gargantua kwa karibu ili lipate kasi ya kufika kwenye sayari hiyo. Cooper anasema ujanja huo utawagharimu miaka 51. Anasema utawagharimu wao wote wawili. Brand alikuwa ndani ya chombo kile kile, kwenye kina kile kile cha uvutano, na saa yake ilikwenda na ya Cooper hadi dakika ile Cooper alipojiachia kuanguka ili chombo kiwe chepesi. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake. Cooper anapoiba chombo kidogo na kuondoka kumfuata, Brand ametoka tu kumzika Edmunds, amevua kofia yake ya anga, na hewa ya sayari ile inavutika.